Wingi wa Viumbe Shambani ni Akiba ya Mkulima



Mwanachama huweza kuuliza: kuna faida gani kuacha miti mikubwa ndani ya shamba la kahawa, ilhali mbao zina bei na mibuni yahitaji nafasi? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu la hesabu.

Wingi wa aina za viumbe waishio mahali pamoja huitwa bioanuwai. Kihamba cha Kilimanjaro ni mfano bora. Juu husimama mruka na mringaringa, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage na majani ya mifugo. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya mlima huo.

Kila kiumbe kina kazi yake. Majani ya miti yakianguka huoza yakawa mboji. Matawi hupunguza ukali wa jua na nguvu ya mvua, na mizizi huushika udongo usichukuliwe na maji. Ndege na popo hula wadudu waharibifu. Nyuki huchavusha maua. Utafiti wa mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mibuni iliyozuiwa isifikiwe na ndege na popo ilipungukiwa matunda kwa asilimia 9 hivi. Na matunda ya maua yaliyofikiwa na nyuki yalizidi uzito kwa asilimia 7 hivi. Hao ni vibarua wasiodai ujira.

Tutazame pia yaliyowapata wengine. Huko Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, misitu ilifyekwa na milima ikapandwa kahawa tupu. Mwaka 1869 ikaonekana kutu ya majani. Mibuni ilikuwa ya namna moja, nayo imeenea bila kizuizi. Ugonjwa ukasambaa, na baada ya miaka ishirini hivi zao hilo lilikuwa limeanguka, wenye mashamba wakageukia chai. Anayetegemea zao moja hana pa kukimbilia.

Hatusemi kwamba kila mti uachwe ukue upendavyo. Kivuli kikizidi, mibuni huzaa kidogo na unyevu huleta maradhi. Punguzeni matawi kwa wakati wake, lakini msing'oe mti kabla ya kupanda mwingine. Nyunyizeni dawa kwa kipimo, wala si wakati wa maua, ili nyuki wasife. Fedha ya mbao hupatikana mara moja. Kivuli hulipa kila msimu.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano:
1. Ni miti gani iliyokuwapo katika vihamba vya wazee wetu na sasa haionekani?
2. Je, chama chetu chaweza kuanzisha kitalu cha miche ya kivuli?
3. Bei ya kahawa ikianguka, ni nini kingine shambani kitakacholisha nyumba?

Katibu aandike majibu ya wanachama, yasomwe katika mkutano ufuatao.