Mtaala wa Uzamili Uanzie Kwenye Foleni

Msimamizi wa hospitali anaweza kuwa na shahada ya uzamili na bado asijue kwa nini foleni haipungui. Wanaotunga mtaala wa uzamili katika usimamizi wa uendeshaji wana masomo mengi ya kupanga: ununuzi, akiba ya bidhaa, ubora. Somo la foleni linastahili kutangulia.

Chukua dirisha moja la malipo. Karani huweza kuhudumia wastani wa watu 20 kwa saa. Wakifika 16 kwa saa, bila mpangilio na wenye shughuli ndefu kwa fupi, kila mmoja atakaa hapo wastani wa dakika 15. Wakifika 18, ni dakika 30. Wakifika 19, ni saa nzima! Karani hajazembea, kilichokwisha ni zile dakika za akiba. Agner Krarup Erlang wa Denmark alichapisha hesabu za aina hii mwaka 1909, akichunguza simu.

Kanuni yenyewe hufundishika kwa siku moja. Kuizoea ni kazi nyingine, hivyo mwanafunzi atoke na saa mkononi, ahesabu wanaofika na muda wa kila huduma, kabla hajagusa programu ya kompyuta.

Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo huidhinisha masomo ya shahada. Waajiri, kaunti zikiwemo, wakiombwa maoni kuhusu rasimu ya mtaala, waulize: mwanafunzi atapima foleni ya wapi, na kwa wiki ngapi?