Jina Lako Halina Kisawe

Mdogo wangu, leo naongea na wewe unayepitilizwa kituo kwenye daladala. "Shusha" imegoma kutoka, konda keshagonga bodi, unashukia mbele na kurudi kwa miguu kama vile ulipanga. Kwa mamantilie umekula wali maharage, maana "chapati" imekataa kutamkika. Usinifiche, nayajua hayo.

Wenye kigugumizi ni mafundi wa visawe. Wakiona neno gumu linakuja, wanachepukia jingine. Sasa ukiulizwa unaitwa nani utachepukia wapi? Ndiyo maana wengi hukwama zaidi kwenye jina lao wenyewe, na wajinga wakacheka. Mimi naona huko kukwepa kunakula maisha kuliko kigugumizi chenyewe. Leo umekwepa neno, kesho simu, keshokutwa usaili wa kazi. Mwisho hata binti unayempenda unamwona anaolewa na mwingine, wewe upo tu.

Tangulia kusema: "Nina kigugumizi, nivumilie, nitafika." Ukishajitangaza huna tena la kuficha, na ulimi mara nyingi hulegea kidogo. Kisha likwamie neno lilelile ulilokusudia. Taka chapati, sema chapati, hata ikichukua dakika.

Aliyekwambia ulitekenywa sana utotoni, au kwamba wewe ni mwoga, mwache na hadithi zake. Kigugumizi kinatokana na namna ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Wengi huwaanza wakiwa na miaka 2 hadi 5, kisha kikawaacha. Kwa watu wazima hubaki kwa takriban mmoja kati ya 100, wanaume wakiwa wengi zaidi. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alianza mazoezi kwa mtaalamu wa usemi Lionel Logue mwaka 1926, kabla hajawa mfalme. Hakupona kabisa, na bado mwaka 1939 vita vilipoanza alilihutubia taifa redioni.

Nanyi mashangazi na wajomba, msimmalizie maneno mwenye kigugumizi. "Tulia, vuta pumzi" yenu inamwongezea presha tu. Mtazameni usoni, mngoje. Na kama ni mtoto, amekwamakwama miezi na miezi, au ameanza kuogopa kusema, mpelekeni kliniki ya masikio, pua na koo kwenye hospitali kubwa, mkaulizie mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache, kwa hiyo mkiambiwa hayupo, ulizeni anapatikana wapi.