Fizi Zikianza Kufunika Meno, Soma Pakiti ya Dawa

Ukiona fizi za mtu zimeota hadi zinafunika nusu ya meno ya mbele, muulize kwanza anameza dawa gani. Hapa kwetu Kotile, kando ya mto Tana, swali hilo huja mwisho, watu wakishamaliza kutaja jini na husuda. Nimemlea mdogo wangu mwenye kifafa, na jibu lililotufaa lilitoka kwenye pakiti ya vidonge vyake.

Vidonge vyenyewe ni fenitoini. Ni dawa ya bei nafuu iliyoanza kutibu kifafa mwaka 1938, na mwaka uliofuata madaktari walikwisha andika kwamba inakuza fizi. Karibu nusu ya wanaoitumia kwa muda mrefu hupatwa, hasa watoto na vijana. Vinyama vidogo huchomoza katikati ya meno ya mbele, mara nyingi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa kuwa haviumi, hakuna anayejali. Kumbe dawa inazifanya nyuzi za ufizi zijazane kuliko mwili unavyoweza kuzipunguza. Meno yakiwa na ukoga ndiyo mbaya zaidi: ufizi huvimba, hutoa damu, na nyama huota kwa kasi.

Wazee wenye presha nao wajiangalie. Dawa yao ya nifedipini nayo hukuza fizi, na amlodipini pia, ingawa kwa wachache. Waliopandikizwa figo wanaomeza saiklosporini wamo vilevile.

Si kila ufizi uliovimba ni wa dawa. Mimba huvimbisha fizi. Ukame nao huvimbisha, kwa njia yake: maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, na yakikauka, familia ikabaki na mahindi, maharagwe na mafuta ya msaada, fizi hulegea na kuvuja damu kwa kukosa vitamini hiyo. Lakini fizi zikivimba ghafla, pamoja na homa, uchovu na mabaka ya damu chini ya ngozi, mkimbize mgonjwa hospitali, kwa sababu huenda ni saratani ya damu.

Jambo ambalo sitachoka kulirudia: usiiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wako. Ukiikata ghafla, kifafa kinaweza kushika mfululizo bila kukoma, na hapo mtu anaweza kufa. Beba pakiti, nenda kwa daktari, mfunulie mdomo, na umuulize kama inaweza kubadilishwa. Kwa kifafa kuna kabamazepini. Kuna pia valproeti, ambayo haifai kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba. Kwa presha kuna losartani. Dawa mpya ya kifafa huingizwa taratibu huku ya zamani ikipunguzwa, kwa hiyo uwe na subira.

Wakati huohuo safisha meno, kwani kazi kubwa iko hapa. Mdogo wangu alikuwa ameacha kupiga mswaki kwa sababu ya damu. Tulikata mswaki mbichi wa mti, mwembamba, tukatafuna ncha hadi nyuzi zikalainika. Ziegemeze pale jino linapokutana na ufizi, usugue polepole kwa miduara midogo, kisha ukate ncha ikichakaa. Ramadhani mswaki huo humfaa hata aliyefunga. Ila kwa upande wa ndani wa meno mti haufiki vizuri. Huko tumia mswaki wa dukani wenye nyuzi laini na dawa ya meno, usiku kabla ya kulala. Damu itatoka siku za mwanzo, usiogope wala usiache. Chai yenye sukari nyingi ipunguzwe, na anayetafuna miraa kwa soda na peremende ajue anaulisha ukoga.

Ukoga ukishaganda kama jiwe hautoki kwa mswaki. Huo huondolewa na daktari wa meno, na kwetu safari hiyo ni hadi mjini Garissa. Baada ya meno kusafishwa na dawa kubadilishwa, fizi za mdogo wangu zilipungua kwa miezi kadhaa. Zilizobaki zilikatwa kwa ganzi, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kukata peke yake hakutoshi: dawa ikiwa ileile na meno machafu, nyama huota tena.

Jingine ni mto. Tana ilipofurika Novemba 2023 barabara zilikatika, na mgonjwa wa kifafa hawezi kungoja maji yapungue. Kabla ya vuli na masika, omba dawa za kutosha miezi miwili.

Kama una mgonjwa wa kifafa nyumbani, mtazame leo katikati ya meno ya mbele. Nanyi wahamasishaji wa afya ya jamii mnaopita boma kwa boma kuuliza kama dawa zimemezwa, nawaomba muangalie na fizi.