Somo kwa Vyama vya Msingi: Kuatamisha Mayai na Kuwakinga Vifaranga na Baridi

Katika Mkoa wa Singida, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Ikungi na Manyoni, ni nadra kuikuta kaya isiyokuwa na kuku. Alizeti huuzwa mara moja kwa mwaka, na ng'ombe hauzwi ovyo. Kuku huuzwa siku yoyote ambayo nyumba ina haja: dawa ya mgonjwa, chumvi, sare na madaftari ya watoto mwezi Januari. Wachuuzi hupita na matenga yao kijiji hadi kijiji, na kuku wa Singida huliwa Dodoma na Dar es Salaam.

Pamoja na hayo, mfugaji akiulizwa ana kuku wangapi, mara nyingi idadi huwa ile ile ya mwaka uliopita. Wengi hudhani kwamba kuku wa kienyeji hana uzazi. Dhana hiyo si sahihi. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo mmoja, na kwa mwaka hutaga mikupuo mitatu hivi. Akiachwa aatamie kwa utulivu, huangua sehemu kubwa ya mayai hayo. Upungufu hutokea baada ya hapo, kwani pale kuku wanapoachwa wajitafutie wenyewe, mara nyingi zaidi ya nusu ya vifaranga hufa kabla ya kutimiza miezi miwili. Mwewe, kicheche na ugonjwa wa kideri hulaumiwa, na ni haki kuvilaumu. Lakini baridi ya usiku, ambayo haionekani ikipita na kifaranga mdomoni, husahauliwa.

Wakati wa kuanza

Jogoo wa kienyeji huchukua miezi sita hivi kufikia uzito wa kumpendeza mnunuzi. Bei nzuri hupatikana karibu na Krismasi na Mwaka Mpya, wakati ule ule ambapo kaya zinahitaji fedha. Basi anayetaka kuuza wakati huo hana budi vifaranga wake waanguliwe mwezi Juni. Mayai yakiwekwa chini ya kuku jioni ya tarehe 1 Juni, vifaranga watatoka kwenye tarehe 22, kwa kuwa yai la kuku huchukua siku 21, na ifikapo wiki ya Krismasi watakuwa wametimiza miezi sita. Aidha, mwezi Juni mavuno ya mtama na uwele yameingia, pumba na chenga zipo, na kuku mama ana shibe.

Lakini Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi. Mji wa Singida uko kwenye uwanda wa juu, meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo wa miezi hiyo hauna simile. Kwa hiyo mwezi wenye faida ndio mwezi wenye hatari, na mfugaji asiyejua kulitunza joto huishia kuangua vifaranga wengi na kuwazika wengi.

Mayai na kiota

Jogoo mmoja hutosha mitetea 10. Mayai yaokotwe kila siku, na moja liachwe kiotani likiwa limetiwa alama ya mkaa ili mtetea asihame mahali pake. Yaliyookotwa yahifadhiwe mahali penye ubaridi, juu ya pumba au mchanga mkavu, ncha nyembamba ikielekea chini. Yasioshwe, kwa maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Yai dogo mno, lenye ufa au lenye ganda laini lisiwekwe. Yai lililokaa zaidi ya siku 10 hupungukiwa na nguvu ya kuanguliwa, na la wiki mbili liende jikoni.

Kiota chaweza kuwa kikapu, sanduku au chungu kipana kilichovunjika mdomo. Kiwekwe pakavu, penye giza kiasi, pasipopita mbwa wala watoto. Chini huwekwa udongo laini wenye unyevu kidogo, kisha majani makavu. Jivu lililopoa linyunyizwe kiotani, na mtetea naye apakwe chini ya mbawa, ili kupunguza chawa na utitiri. Jambo hili lisipuuzwe hata kidogo. Kuku anayeumwa na utitiri huyaacha mayai usiku wa manane, na kifaranga aliyekwisha kuumbika ndani ya yai hawezi kustahimili kupoa kwa saa nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo maji na punje ziwekwe karibu, kwa kuwa kuku anayeatamia hushuka mara moja tu kwa siku, kwa muda mfupi. Akilazimika kwenda mbali kuchakura, mayai hupoa.

Kuku mmoja apewe mayai 10 hadi 12, na wakati wa baridi yasizidi 10. Wapo wanaompa 16 kwa tamaa. Yai linalochungulia nje ya mbawa ni yai baridi, na kwa kuwa kuku huyageuza na kuyahamisha mayai yake, kila siku yai jingine hupata zamu ya kupoa. Kwa njia hiyo yai moja la ziada huweza kuyaharibu mengi.

Kuatamisha kwa pamoja

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine ya somo hili. Mfugaji mwenye mitetea minne wanaotaga wakati mmoja asimwache kila mmoja aatamie kwa zamu yake. Wa kwanza kuonyesha dalili ya kuatamia awekewe mayai mawili au matatu mabovu, aendelee kukaa hadi wenzake wawe tayari. Asikalishwe hivyo zaidi ya siku 10, maana kuku anayeatamia hukonda. Wote wakishakaa, mayai mabovu yaondolewe jioni moja na kila mmoja awekewe mayai mazuri.

Siku ya 7, usiku, mayai yamulikwe kwa tochi au taa ya simu. Yai likishikwa baina ya vidole na mwanga ukipenya, lenye uhai huonyesha mishipa myembamba iliyotawanyika kama utando wa buibui. Lililo jeupe tupu halina mbegu, na lenye duara la damu limekufa. Hayo mawili yaondolewe.

Tuchukue mfano. Mitetea 4 walipewa mayai 40. Baada ya kumulika, 6 yaliondolewa, yakabaki 34. Mayai hayo yanaweza kukaa chini ya kuku 3, huku wa nne akiachwa arudi kutaga. Yakianguliwa 30, vifaranga hao hupewa kuku 2, kila mmoja 15, na wa tatu naye huachwa. Kuku aliyenyang'anywa mayai au vifaranga huwekwa ndani ya tenga lililoinuliwa kutoka chini, penye mwanga na hewa, akipewa chakula na maji kwa siku tatu au nne, na hamu ya kuatamia humwisha. Vifaranga wa kuongezwa wapelekwe kwa mama mlezi usiku, wakiwa wa siku moja au mbili, wasukumwe taratibu chini ya mbawa. Wakipelekwa mchana huwajua kuwa si wake, akawadonoa.

Siku ya kuanguliwa mfugaji asiwe na haraka. Asimbandue kifaranga kwenye ganda, na asimwondoe mama kiotani. Kifaranga hutoka na akiba ya kiini tumboni mwake, ambayo humtosha kwa siku mbili bila kula. Anachohitaji kwanza ni kukauka na kupata joto.

Joto la vifaranga

Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, lakini hawakusema kwamba hafunikwi. Kifaranga huzaliwa na manyoya malaini tu, na mwili wake hauwezi kujipatia joto la kutosha hadi manyoya halisi yaote. Wiki ya kwanza ahitaji joto la nyuzi 33 hadi 35 za Sentigredi. Kila wiki hupunguzwa nyuzi 3 hivi, mpaka wiki ya tano, ambapo anaweza kustahimili hali ya kawaida akiwa ndani.

Wanachama wachache wana kipimajoto, wala si lazima. Vifaranga wenyewe ndio kipimo. Wakijirundika karibu na joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikaa mbali, midomo wazi na mbawa zimeachana na mwili, joto limezidi. Wakibanana upande mmoja tu, pana upepo unaoingia kutoka upande wa pili, na tundu hilo litafutwe na kuzibwa. Wakitawanyika, wakila na kulia kwa sauti ndogo, hali ni njema. Kipimo hiki kichukuliwe saa 4 usiku na tena alfajiri, kwa sababu wengi hufa kati ya nyakati hizo mbili.

Wanaolelewa na mama walale ndani ya nyumba, chini ya tenga, juu ya majani makavu. Nyumba ya tembe, yenye kuta nene na paa la udongo, hutunza joto vizuri kuliko banda la bati. Asubuhi wasitolewe hadi umande ukauke na jua lipande, hata kama ni saa 3. Kifaranga aliyelowa miguu na tumbo hupoa upesi kuliko yule wa usiku.

Vifaranga wakiwa wengi kuliko mama, mfugaji atengeneze bruda. Mkeka, bati au kadibodi yenye kimo cha sentimeta 50 huzungushwa kuwa mduara. Kipenyo cha meta 1 na nusu hutosha vifaranga 50. Sharti uwe mduara, kwa kuwa kwenye pembe vifaranga hukanyagana hadi kufa. Chini yawekwe maranda au pumba, na juu yake magazeti kwa siku za mwanzo. Joto hutoka kwenye chungu cha mkaa kilichofunikwa kwa jivu ili kiwake polepole na kuzungushiwa kipande cha bati, au taa ya chemli, au dumu la maji ya moto lililofungwa kwa nguo na kubadilishwa usiku. Dumu ndilo salama zaidi. Mkaa uwashwe nje mpaka moshi uishe, na chumba kiwe na tundu la hewa juu. Mtu yeyote, hasa mtoto, asilale katika chumba chenye mkaa unaowaka, kwani hewa yake ina sumu isiyonuka na imekwisha kuua watu. Wenye umeme nao watahadhari: globu za siku hizi za kuokoa umeme hutoa mwanga bila joto la kutosha. Kifaranga chini ya globu hiyo huona vizuri, akafa kwa baridi.

Wapo wanachama wanaoulizia mashine za kuangulia. Kazi hiyo si ngeni duniani. Wamisri wa kale waliangua mayai kwa maelfu ndani ya tanuri za udongo, na wahudumu wao walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye ukope wa jicho. Lakini nyuma ya ujuzi huo palikuwa na watu waliokesha. Mashine huhitaji nyuzi 37 na nusu hivi bila kuyumba kwa wiki tatu, na umeme ukikatika usiku mmoja mayai huweza kuharibika. Kwa kaya yenye mitetea minne, mtetea ni mashine iliyo bora.

Chakula kisielezwe kwa kirefu: mtama au uwele uliopondwa, mashudu ya alizeti kidogo, dagaa waliosagwa, na mchwa wanapopatikana. Maji yawekwe kwenye chombo cha kina kifupi chenye vijiwe, wasije wakatumbukia.

Siku ya chanjo

Vifaranga waliookolewa na baridi wasipochanjwa, kideri kitawamaliza wakati wa kiangazi. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na kutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hustahimili joto la vijijini kuliko chanjo nyingi. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima tu. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko alio nao mwanachama mmoja, na ikifunguliwa haifai kulimbikizwa. Basi wanachama wa kitongoji kimoja wakiwa wameatamisha wiki moja, chupa hununuliwa kwa mchango, na kuku wote huchanjwa siku moja.

Kwa ajili hiyo katibu wa chama afungue ukurasa katika daftari lake: jina la mwanachama, tarehe ya kuweka mayai, idadi ya mayai, vifaranga walioanguliwa, waliobaki wiki ya 8, tarehe za chanjo. Safu ya wiki ya 8 ndiyo atakayoihitaji zaidi, kwa kuwa humwezesha kumweleza mnunuzi mwezi Novemba ni kuku wangapi wa umri mmoja watakuwapo mwezi Desemba. Mchuuzi anayekuta jogoo mkubwa hapa na mdogo pale hutoa bei ya mdogo kwa wote. Anayeonyeshwa jogoo 200 wa kimo kimoja, mahali pamoja, huzungumza na chama kwanza kabla ya kutaja bei.