Sheria juu ya kumupasha adui habari za vita

Wanafunzi wenzetu, safari hii tunajifunza jambo la sheria. Wakati wa vita, kumupa adui habari za asikari ni kosa kubwa katika inchi nyingi. Lakini waamuzi wanapima nini? Wengi wetu tulizani wanapima ukubwa wa siri. Sivyo. Tuangalie Uingereza.

Sheria yao ya mwaka 1351, ya mufalme Edward III, ilikataza tayari kuwasaidia adui za mufalme. Katika mwezi wa tano 1940, Wajerumani walipokuwa wakiingia Ufaransa, Bunge likatunga ingine kwa haraka. Azabu yake ilikuwa moja tu, kifo. Ilitaka nia ya kumusaidia adui, pamoja na tendo linaloweza kumusaidia. Hata kujaribu tu kulitosha! Kama adui alipata faida ao hapana, haikuuliza.

Sasa mufano. Duncan Scott-Ford alikuwa baharia kijana. Katika 1942 meli yake ilifika Lisbon, katika Ureno, inchi isiyopigana, ambamo Waingereza na Wajerumani walipitana njia moja. Mutu mumoja wa Wajerumani akamuuliza neno juu ya safari za meli za Waingereza, akamupa feza. Basi, alipozipokea alikwisha kunaswa: kisha wakamutisha kwamba watamushitaki kwa Waingereza wenzake kama haleti habari zingine. Aliporudi kwao wakamukamata. Feza zote alizopata zilikuwa escudo 1.800, ni kusema paundi 18 hivi. Akanyongwa tarehe 3 ya mwezi wa 11, 1942, na miaka yake 21 tu. Wakubwa kupita yeye wako hapa katika shule yetu.

Tulibishana sana. Wengine walisema: yeye aliogopa tu, nia iko wapi? Swali hili lina samani. Nyuma ya vita, katika 1947, tribinali kubwa ya London ilikata shauri la Steane, Mwingereza aliyesoma habari katika radio ya Wajerumani. Walikuwa wametishia kumutesa, na kuwafunga muke wake na watoto. Kwanza alipewa miaka tatu ya kifungo, lakini waamuzi wa juu wakafuta hukumu: mutu anayetaka kuokoa jamaa yake, hatuwezi kusema mara moja kwamba nia yake ilikuwa kumusaidia adui.

Scott-Ford, yeye, vitisho vilikuja nyuma ya feza. Mbele ya kuzipokea hakuna mutu aliyekuwa amemushika shingo.