Mfumo Mpya kwenye Kompyuta ya Zamani: Mwongozo kwa Ofisi, Shule na Biashara Ndogo

Mwongozo huu ni kwa makarani, walimu, wahasibu, wenye maduka ya steshenari na mafundi wanaotunza kompyuta za mezani ambazo watengenezaji wa mifumo wameacha kuzihudumia. Unamsaidia msomaji kuamua mashine ipi iwekewe mfumo gani, na ipi isiongezewe gharama yoyote. Kanuni inayouongoza ni moja: mfumo mpya kukubali kuwaka si ushahidi kwamba unaifaa mashine hiyo. Kinachoamua ni kama utapata masasisho ya usalama kwa muda wote utakaotumika, na nani atakayehakikisha yanafika.

1. Kilichobadilika

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuchapa na kufungua barua pepe kama jana yake. Kilichokoma ni viraka vya kila mwezi vinavyoziba nyufa mpya zinapogunduliwa.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai kichakataji cha biti 64 kilichomo kwenye orodha ya Microsoft, kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, uwashaji wa UEFI wenye Secure Boot, na kijenzi cha usalama cha TPM toleo la 2.0. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo kwa ujumla inaanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Ndiyo maana Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre nyingi zilizoletwa zikiwa mtumba zimeachwa nje ingawa bado zina nguvu ya kutosha kwa kazi za ofisi.

Wapo wanaosema kwamba kizuia virusi kinatosha. Ni kweli kwamba Microsoft imeahidi kuendelea kukipa kizuia virusi chake, Defender, taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Hata hivyo, kizuia virusi hakizibi ufa ulio ndani ya mfumo wenyewe. Shambulio la WannaCry la Mei 2017, lililovuruga hospitali za umma nchini Uingereza, lilipitia ufa ambao kiraka chake kilitolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamekiweka, pamoja na wale waliokuwa na mifumo mikongwe ambayo haikutolewa kiraka mapema.

Kuna pia suala la sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde ipasavyo. Zahanati, shule au chama cha akiba na mikopo kinachoweka taarifa za wanachama kwenye mashine isiyopata viraka kitapata shida kujieleza taarifa hizo zikivuja.

2. Ijue mashine kabla ya kuigusa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika msinfo32. Nakili jina la kichakataji, kiasi cha kumbukumbu, na kama uwashaji ni wa UEFI au wa Legacy. Rudia kwa kuandika tpm.msc ili uone kama TPM ipo na ni toleo gani. Kwa vichakataji vya Intel Core vya mezani, kizazi husomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i5-4570 ni cha nne, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Kisha weka kila mashine kwenye kundi lake.

Kundi la kwanza: mashine inayokubalika ila haijafunguliwa. Hii ina kichakataji kilichomo kwenye orodha, lakini TPM imezimwa ndani ya BIOS au diski imepangwa kwa mtindo wa zamani. Ingia BIOS, tafuta TPM kwa jina la Intel PTT au AMD fTPM, uiwashe. Ikiwa diski ni ya mpangilio wa MBR, zana ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows 10 huibadilisha kuwa GPT bila kufuta mafaili. Kisha uwashaji hubadilishwa kuwa UEFI. Hapa hakuna cha kulazimisha. Anza na kundi hili, kwa sababu ofisi nyingi hununua mashine mpya wakati walizonazo zilihitaji mpangilio mmoja tu kubadilishwa.

Kundi la pili: mashine nzima iliyo nje ya orodha. Kwa Intel, hizi ni hasa za kizazi cha nne hadi cha saba. Zina uwezo, ila mtengenezaji wa mfumo hazitambui. Uamuzi mgumu uko hapa, na sehemu ya tatu inauhusu.

Kundi la tatu: mashine isiyoweza. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji maagizo ya kichakataji yanayoitwa SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo na Core 2 Quad hazina SSE4.2, na hakuna ujanja wa fundi unaoweza kuiongeza. Mashine hizi zipewe Linux nyepesi au zistaafishwe.

Kabla ya kuilaumu mashine kwa uzito wake, kagua vifaa vitatu. Diski ya kuzunguka ikibadilishwa kwa SSD ya GB 240, tofauti huonekana tangu kuwasha. Kumbukumbu ifikishwe GB 8, lakini soma aina yake kwanza, kwani DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi kuu ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi na kivinjari huanza kukataa tovuti salama. Watu wengi hudhani hilo ni kosa la mfumo, kumbe ni betri ya bei ndogo.

3. Chagua njia kulingana na kazi

Njia A: kuongeza muda wa Windows 10. Microsoft inatoa masasisho ya ziada ya usalama kwa mashine zenye toleo la 22H2. Kwa mtumiaji binafsi, mpango huo unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa taasisi, bei ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Jumla ni dola 427 kwa mashine moja, fedha inayoweza kununua mashine nyingine iliyo bora. Taasisi za elimu hulipa dola 1, kisha 2, kisha 4, kwa hiyo shule yenye maabara ya kompyuta iulize bei hiyo kabla ya kuamua lolote. Njia hii inafaa pale programu ya uhasibu au kifaa fulani bado hakijathibitishwa kwenye mfumo mpya. Ichukuliwe kuwa muda wa kujipanga.

Njia B: kulazimisha Windows 11. Inawezekana. Programu ya bure ya Rufus hutengeneza flashi ya usakinishaji isiyouliza TPM, Secure Boot wala kiasi cha kumbukumbu. Lakini Microsoft haihakikishii mashine ya namna hii masasisho yoyote. Kwa kawaida viraka vya kila mwezi hufika. Toleo jipya la mwaka ndilo lisilokuja lenyewe. Kwa kuwa kila toleo la Home na Pro huhudumiwa miezi 24 tu, lazima mtu alete toleo linalofuata kwa mkono kabla muda haujaisha. Asipokuwepo mtu huyo, ofisi itarudi palepale ilipokuwa na Windows 10, safari hii bila kujua. Njia hii itumike kwa mashine za kundi la pili zenye mtunzaji aliyetajwa kwa jina, na isitumike kwa mashine inayobeba malipo, mishahara au taarifa za wagonjwa.

Njia C: kuhamia Linux. Linux Mint 22 inahudumiwa hadi mwaka 2029 na inaanza kufanya kazi kwa kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayostahili. Haihitaji TPM. Kwa mashine inayotumika kuandika barua, kuvinjari, kujaza fomu za serikali mtandaoni na kutuma barua pepe, mara nyingi hii ndiyo njia salama kuliko zote. Mipaka yake iko wazi: QuickBooks ya mezani na TallyPrime zimetengenezwa kwa Windows, na majedwali ya Excel yenye makro yanaweza kuharibika yakifunguliwa kwa LibreOffice. Printa nyingi za HP hutambuliwa bila shida. Za kampuni nyingine zijaribiwe kwanza. Uzuri ni kwamba Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, hivyo mfanyakazi anaweza kujaribu printa, skana na sauti kabla ya kukubali.

Kwa wenye iMac za Intel: programu ya OpenCore Legacy Patcher huwezesha macOS mpya kuwaka kwenye mashine ambazo Apple imeziacha. Hata hivyo, hupunguza baadhi ya kinga za ndani za mfumo, na sasisho kubwa huweza kulazimu viraka vyake viwekwe upya. Isitoshe, Apple imetangaza kwamba macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kwa vichakataji vya Intel. Usianzishe mradi wa miaka mingi juu ya njia hiyo.

4. Matayarisho

a) Tengeneza nakala rudufu mbili za mafaili, moja kwenye diski ya nje na nyingine mahali pengine. Fungua mafaili kadhaa kutoka kwenye nakala ili kuthibitisha kwamba yanasomeka. Usisahau barua za Outlook, alamisho za kivinjari na kampuni zote zilizomo ndani ya programu ya uhasibu.

b) Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, chapisha ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 na uuhifadhi nje ya mashine. Kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuufanya mfumo uuombe papo hapo.

c) Pakua draiva za mtandao, printa na kioo kutoka kwa mtengenezaji wa mashine, uziweke kwenye flashi. Mashine isiyo na draiva ya mtandao haiwezi kujitafutia draiva nyingine.

d) Pakua mfumo kutoka kwa mwenyewe: Windows kwa Microsoft, Mint kwa Linux Mint. Usikubali flashi ya Windows "iliyopunguzwa" ambayo hujui aliyeipunguza, wala kreki ya leseni. Kreki huagiza kizuia virusi kizimwe kwanza, na hilo peke yake latosha kukuonya. Mashine iliyokuwa na leseni halali ya Windows 10 kwa kawaida hukubaliwa kwenye Windows 11 bila malipo mapya.

e) Unganisha UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, bodi kuu inaweza kufa kabisa.

5. Utekelezaji

Anza na mashine moja, isiyo muhimu, na mwachie mtumiaji wake muda wa kutosha wa kazi za kawaida kabla ya kuendelea na nyingine. Usifanye kazi hii wiki ya kufunga hesabu, ya mishahara au ya mitihani. Palipo na nafasi, toa diski ya zamani, iweke kando ikiwa nzima, na usakinishe mfumo mpya kwenye SSD. Mambo yakienda mrama, unairudisha ya zamani na kazi inaendelea. Anayesakinisha juu ya diski ileile ajue kwamba maji akiyavulia nguo hana budi kuyaoga. Ndiyo sababu nakala rudufu zinatangulia.

Usakinishaji ukiisha, jaribu kwa utaratibu: mtandao, printa, skana, sauti, tarehe na saa, programu ya uhasibu, na kuzima kisha kuwasha tena. Endesha masasisho mpaka yaseme hakuna yaliyobaki. Fungua akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, na ya msimamizi ibaki kwa mtunzaji peke yake.

6. Kumbukumbu na ratiba

Kila mashine iwe na karatasi yake inayoonyesha jina la mashine, kichakataji, mfumo na toleo, tarehe ya mwisho ya huduma, na jina la mtunzaji. Mara moja kwa mwezi mtunzaji athibitishe kwamba sasisho la mwezi huo limeingia, hasa kwa mashine za njia B. Sasisho likikosekana miezi miwili mfululizo bila sababu kupatikana, mashine iondolewe mtandaoni na ihamishiwe njia C.

7. Mashine ya kustaafisha

Mashine ambayo haikufaa kwa njia yoyote inaweza kubaki ikifanya kazi moja bila mtandao, kama vile kuchapa lebo au kuendesha kifaa cha zamani, mradi flashi zinazoingia humo zikaguliwe kwanza kwenye mashine nyingine. Ikiwa inauzwa au inagawiwa, diski ya kuzunguka ifomatiwe kikamilifu, si kwa fomati ya haraka, kwa sababu ya haraka huacha mafaili yakiweza kufufuliwa. SSD ifutwe kwa zana ya mtengenezaji wake. Kama hakuna uhakika, diski ibaki ofisini na mashine itoke bila diski. Mnunuzi ataweka yake.

Mkuu wa ofisi asikilize ombi la kununua mashine mpya baada tu ya kuona karatasi za mashine zilizopo. Zitaonyesha zipi zinahitaji mpangilio wa BIOS tu, zipi zinahitaji SSD na Mint, na zipi kweli zimefika mwisho. Fedha iende kwanza kwa mashine inayobeba malipo na taarifa za watu.