Mshauri Rika: Kazi ya Kumshika Mkono Anayeacha Dawa za Kulevya

Kijana anapotoka katika kituo cha kurekebisha waraibu, jamaa wengi huona kazi imekwisha. Amenenepa, amenyoa, anaswali au anakwenda kanisani, na macho yake yametulia. Wahudumu wa afya wanajua kuwa hizo ndizo wiki za hatari kubwa. Mwili ambao umekaa bila heroini kwa muda hupoteza uwezo wa kuistahimili. Akirudi maskani na kutumia kiasi kilekile alichokizoea zamani, pumzi inaweza kukatika na akafa siku hiyohiyo. Hatari hii humkabili pia anayetoka gerezani au aliyelazwa hospitalini kwa muda mrefu.

Katika wiki hizo mraibu huhitaji mtu wa karibu anayemwelewa. Ndiyo kazi ya mshauri rika, na somo hili linaeleza inavyofanyika, mipaka yake na jinsi wakazi wanavyoweza kuisaidia.

Mshauri rika ni nani?

Ni mtu aliyewahi kuwa mraibu, akaacha, akapata mafunzo, na sasa anawasaidia wanaojaribu kuacha. Neno "rika" hapa halihusu umri. Mama wa miaka 50 aliyeacha pombe anaweza kuwa mshauri rika wa msichana wa miaka 22, kwa kuwa wamepita njia moja. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu aliyewahi kulala kwenye baraza la duka akitetemeka kwa arosto hahitaji kuelezwa arosto ni nini.

Wazo hili lina miaka mingi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote walevi waliokuwa wakijitahidi kuacha, waligundua kwamba kila mmoja alibaki bila pombe alipomsaidia mwenzake. Vikundi vya Alcoholics Anonymous vilizaliwa hapo, na leo vinakutana katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Katika Pwani ya Kenya, heroini imeharibu maisha ya watu tangu miaka ya 1980. Kliniki ya methadoni ilianza kazi katika hospitali ya Malindi mwaka 2015, miezi michache baada ya ile ya Mathari, Nairobi. Mara nyingi anayemfikisha mraibu kliniki kwa mara ya kwanza ni mwelimishaji rika anayemfahamu kutoka mtaani.

Kazi yenyewe

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kufuatilia. Chukua mfano wa mtu aliyeandikishwa kutumia methadoni. Dawa hii hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hukaa mwilini kwa zaidi ya saa 24, huzuia arosto na humwondolea mtu haja ya kutafuta kete kila baada ya saa chache. Lakini akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kurudi na kupewa dozi yake ya awali bila kukaguliwa upya, kwa sababu mwili umeanza kuisahau. Basi mshauri rika akiona jina halikuwekwa alama kwa siku mbili, hampigii simu kumgombeza. Huenda kumtafuta. Pengine amekosa nauli. Pengine amepata kibarua kinachoanza alfajiri, au ana homa na hakuna wa kumsindikiza. Yote hayo yanaweza kutatuliwa yakijulikana mapema.

Kazi nyingine ni kumsaidia mtu kutambua kinachomsukuma kurudi. Washauri wengi hufundisha mambo manne ya kujichunguza kila siku: njaa, hasira, upweke na uchovu. Hamu ya dawa ikija, mtu hujiuliza lipi kati ya hayo limemshika. Mara nyingi chakula, usingizi au mazungumzo huipunguza. Hamu hupanda kama wimbi kisha hushuka, na mshauri rika humsaidia mwenzake kusubiri mpaka ishuke.

Kuna pia mambo madogo ambayo ofisi huyasahau: kumsindikiza mtu kufuata kitambulisho kilichopotea, kukaa naye kwenye foleni ya vipimo vya virusi vya Ukimwi na homa ya ini, au kumpeleka kwa chifu ili wazee waache kumwita "teja" na waanze kumwita kwa jina lake.

Asiyoyafanya

Mshauri rika si daktari. Hapandishi wala hashushi dozi, na hamshauri mtu kuacha dawa za hospitali. Mipaka hii huokoa maisha. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akiiacha ghafla bila uangalizi, anaweza kupata degedege na hata kufa. Kwa hiyo mtu kama huyo akisema, "Kuanzia kesho sinywi tena," mshauri rika humpongeza na kumpeleka hospitali kabla ya hiyo kesho.

Mshauri rika hamkopeshi pesa anayemsaidia wala hakopi kwake. Hamhifadhii dawa haramu. Haanzishi naye uhusiano wa mapenzi, kwa kuwa mmoja wao ana nguvu zaidi ya mwenziwe. Na hatoi siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Habari ikivuja sokoni, aliyevujishiwa haji tena kliniki, na wenzake waliosikia hawaji kabisa. Siri huweza kuvunjwa tu pale maisha yakiwa hatarini, kwa mfano mtu akisema anataka kujiua, na hata hapo huambiwa mhudumu anayehusika peke yake.

Mtu akizidisha dozi

Kila mshauri rika, na kila jamaa wa mraibu, anapaswa kujua dalili hizi: mtu haamki hata akiitwa na kusuguliwa kwa nguvu katikati ya kifua, anapumua polepole sana au anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, midomo na kucha zinageuka rangi. Hatari huwa kubwa zaidi heroini au methadoni ikichanganywa na pombe au tembe za usingizi, zile ambazo vijana huziita bugizi.

Mtu huyo alazwe kwa ubavu ili asipaliwe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja. Asinyweshwe maziwa wala maji, na asidungwe maji ya chumvi. Dawa iitwayo naloksoni hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake inaweza kuisha kabla ya ile ya heroini. Kwa hiyo hata aliyeamka ni lazima afikishwe hospitali.

Mwenzake akirudia

Wengi hurudia angalau mara moja kabla ya kuacha kabisa. Mshauri rika akimkaripia aliyerudia, atakuwa amemfundisha kuficha, na anayeficha hutumia peke yake mahali ambapo hakuna wa kumwokoa. Maswali yanayosaidia ni mepesi: Uko salama sasa? Ilianza vipi? Nani mwingine anajua? Twende kliniki leo au kesho asubuhi?

Mshauri rika naye yumo hatarini. Kazi yake humrudisha katika maskani alikotumia, mbele ya watu aliotumia nao, na harufu ileile. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii vizuri huenda wawili wawili, huwa na msimamizi wa kuzungumza naye kila wiki, na huendelea kuhudhuria kikundi chao wenyewe. Akianza kuona hamu, humwambia msimamizi na kupumzishwa kazi ya mtaani. Kupumzishwa huko si adhabu, na taasisi inayomfukuza kwa kusema ukweli huwafundisha wengine kunyamaza.

Wengi hufanya kazi hii kwa posho ndogo au kwa kujitolea. Mtu anayekwenda kliniki kila asubuhi kwa ajili ya wengine na kurudi nyumbani bila nauli anaweza kukata tamaa. Mashirika na ofisi zinazowatumia washauri rika zinapaswa kuingiza nauli, chakula na mafunzo yao katika bajeti tangu mwanzo.

Kaunti na sheria

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti jukumu la huduma za afya za kaunti, utoaji wa leseni za vileo na udhibiti wa dawa za kulevya. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 inamhesabu mwenye uraibu miongoni mwa wanaostahili matibabu ya akili. Maana yake kwa mkazi ni kwamba mraibu akifika zahanati ya serikali ana haki ya kuhudumiwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Anayetaka kuwa mshauri rika

Anayefaa ni mtu ambaye amekaa bila dawa kwa muda wa kutosha, au ametulia katika matibabu ya methadoni, anayeweza kusikiliza bila kuhubiri, na aliye tayari kusimamiwa. Kisomo kikubwa si lazima. Aanze kwa kuzungumza na mshauri nasaha wa kliniki iliyo karibu naye, au na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Maswali ya kujadili barazani na katika vikundi

1. Kwa nini wiki za kwanza baada ya kutoka kituoni ni hatari kuliko zile za awali?
2. Mshauri rika afanye nini akiombwa pesa na anayemsaidia?
3. Katika mtaa wetu, ni maneno gani tunayowaita waraibu ambayo huwazuia kutafuta matibabu?
4. Nani kati yetu anaweza kumpa kibarua mtu aliyeacha dawa, kwa saa zisizogongana na muda wake wa kliniki?

Anayehitaji ushauri kuhusu uraibu, wake au wa jamaa yake, anaweza kupiga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192. Aliye karibu na zahanati au hospitali ya serikali aende aulizie mshauri nasaha.